Tope Lisipande Mlimani

Vijana wangu wa afya ya mimea, siku ya kuniaga nikistaafu mlinipa viatu vipya vya kupandia mlima, mkapiga makofi, mkaniomba niandike mambo mawili matatu ya kazi kabla sijasahau. Viatu nimevipenda. Ila nina hakika aliyevichagua hajawahi kusafisha kiatu maishani mwake, maana soli yake ina mifereji kama mashamba ya mpunga ya Ndungu. Nitavirudia mwishoni. Habari za vyeo na mishahara sitaziandika. Vyeo vilipanda polepole kuliko lori la mkonge, na mshahara tuuache ulale.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa kwenye kizuizi cha barabara kuu, nje kidogo ya mji wa Same. Wanaoujua upepo wa Same hawahitaji kuelezwa. Unakuvua kitambaa kichwani na kukupaka vumbi usoni kwa mpigo mmoja. Nilikuwa nimevaa sketi ya pasi na viatu vya kufunga kamba, najiona afisa. Kwenye kibanda nilimkuta Mzee Kirumbi, mtu mfupi, mkavu, aliyekuwa hapo miaka mingi kabla yangu, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mara ya mwisho ulikanyaga wapi?"

Nikamwambia natoka nyumbani, Ugweno.

"Sijauliza unatoka wapi. Nimeuliza ulikanyaga wapi."

Nikakumbuka kwamba alfajiri nilikwenda kumuaga mama, naye alikuwa migombani. Nikasema hivyo.

"Vua," akasema.

Ndivyo nilivyoanza utumishi, peku, juu ya changarawe za moto, nikichokonoa viatu vyangu mwenyewe mbele ya madereva wa malori waliokuwa wakivunjika mbavu. Mzee Kirumbi alinipa msumari mrefu wa bati ambao ncha yake ilikuwa imepondwa ikawa bapa. Kwenye soli nilitoa tope jeusi la migombani, vipande vya majani, na mbegu mbili za gugu ambalo huku chini halikuwapo. Akaziweka kwenye karatasi, akaniambia hao ni abiria wasiolipa nauli. Kazi yetu kwa maandishi ilikuwa kukagua miche na mbegu. Kukagua viatu lilikuwa wazo la Mzee Kirumbi mwenyewe, hakuna aliyemtuma. Yeye aliamini kwamba mkulima anaweza kukaguliwa mche mmoja mmoja, halafu ugonjwa ukampita chini ya unyayo.

Alinifundisha utaratibu ambao nimewafundisha ninyi mpaka mkachoka. Tope litoke kwanza likiwa kavu, kwa msumari na brashi. Halafu maji na sabuni. Halafu dawa. Halafu jua. Ukimwaga dawa juu ya tope, unaua vijidudu vilivyo juu, na vilivyo ndani vinakucheka. Na maji uliyooshea usiyamwage kwenye mfereji, kwa sababu hapo umemsafisha mtu mmoja ukawachafua wengi. Mambo haya ni rahisi mno, na nadhani ndiyo maana watu wenye haraka huyadharau.

Pale kizuizini nilipata mafunzo yasiyo na darasa. Niliwahi kusimamisha timu ya mpira kutoka Mwanga, njumu zao zimejaa tope la uwanja wa mvua. Nahodha akaja juu.

"Mama, mechi saa kumi."

"Basi brashi hizo hapo, anzeni sasa."

Walisugua wamenuna. Jioni walirudi wameshinda, na nahodha akatoa kichwa dirishani kudai kwamba njumu zikiwa nyepesi mtu anakimbia vizuri. Sikumkatalia. Mwingine alikuwa mzee aliyebeba nyavu kuukuu kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu, anazipeleka milimani kuzuia ndege kwenye maharage yake. Kila fundo lilikuwa limeng'ang'aniwa na majani ya majini, mabichi kabisa. Akaniambia, "Mwanangu, samaki walishatoka zamani." Nikamwambia samaki sijawauliza. Tukazianika nyavu juu ya uzio mpaka zikawa kavu kama mifupa, huku akinisimulia magonjwa ya wajukuu zake wote.

Watalii nao walikuwa na yao. Mahema yao yanaficha udongo kwenye mishono ya chini na kwenye zipu. Vigingi vinabeba tope la nchi nyingine, na ule ukanda wa kunata kwenye mifuko na koti unanasa mbegu kuliko manyoya ya kondoo. Wengi walikuwa waungwana. Ukimweleza mtu kwa heshima kwamba unalinda chakula cha wenzio, anavua. Aliyekataa, nilikuwa namwomba tu anishikie kiatu chake mwenyewe nikichokonoa. Akiona kinachotoka, anamalizia mwenyewe kwa aibu.

Mzee Kirumbi alipostaafu alinikabidhi ule msumari. "Usiupoteze," akasema, "serikali haina mwingine." Nilimpenda sana mzee yule, na sikuwahi kumwambia, kwa sababu angeniuliza hilo linahusiana nini na kazi.

Baadaye nikahamishiwa milimani, upande wa Bombo, na huko ndiko kulikokuwa na kazi yenyewe. Nitaeleza tukio moja tu, la vitongoji viwili ambavyo nitaviita Lugulu na Mbono. Lugulu iko juu, Mbono iko chini yake, katikati kuna kijito. Wote ni wakulima wa tangawizi. Kwa watu wale tangawizi ndiyo bati la nyumba, ada ya shule na harusi ya binti. Nilipofika nikiwa na pikipiki, ndoo na brashi, watu hawakuchelewa kunibatiza. Nikawa Bibi Brashi.

Msimu mmoja mnyauko ukaingia Mbono. Mama Ndekirwa aliniita shambani kwake asubuhi. Alikuwa mjane, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kwaya, mzaliwa wa Lugulu aliyeolewa Mbono. Majani ya tangawizi yake yalikuwa yamejikunja na kuwa manjano kuanzia chini. Nilivuta shina moja, likakatika kirahisi, limeoza shingoni. Nikakata kipande, nikakining'iniza kwenye bilauri ya maji safi, tukachuchumaa kutazama. Uzi mweupe kama maziwa ukaanza kuteremka taratibu mpaka chini ya bilauri.

"Ni wenyewe?" akauliza.

"Ni wenyewe, mama."

"Nikipanda tena mwakani?"

Nikamwambia ukweli kwamba ugonjwa huu unakaa udongoni miaka, na kwamba hata tonge la udongo kwenye jembe linatosha kuuhamisha. Hakupiga kelele. Alikaa juu ya tuta akafunika uso kwa kanga, na mimi nikakaa naye. Mwisho wa msimu Mbono nzima ilikuwa imeng'oa tangawizi. Mbegu safi zilibaki Lugulu peke yake. Mama Ndekirwa alikuwa na kipande kingine cha ardhi upande wa pili wa kilima, ambacho hakijawahi kulimwa tangawizi, na tumaini lake lote lilikuwa kupata mbegu ya Lugulu aanze upya huko.

Hapo ndipo ndiva ya Lugulu ilipopasuka ukingo. Kwa wageni wa Upare, ndiva ni bwawa la udongo na mawe ambalo wazee waliwaachia wajukuu zao. Maji yanakusanyika usiku, asubuhi yanafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Ndiva ile ililisha Lugulu na Mbono pia. Isipozibwa kabla ya mvua, ingebomoka yote. Na kuiziba ni kazi ya msaragambo. Pembe inapigwa, kila nyumba inatoa mtu na jembe, juu na chini, hakuna anayebaki. Maana yake watu wa Mbono wangepanda na majembe yaliyotoka kwenye mashamba yaliyooza, wakayachomeka kwenye ukingo wa bwawa linalonywesha kila tuta la tangawizi lililobaki zima.

Kwenye mkutano wa kuandaa kazi nilisimama nikasema majembe na viatu vyote vioshwe kwanza. Mzee Mchome, ambaye ndiye mgawa maji na mpiga pembe, akanitazama kama mtu aliyesikia mbuzi akiomba chumvi.

"Bibi Brashi, unataka watu waje na majembe yanayong'aa?"

"Ndiyo, mzee."

"Huku mtu akija msaragambo na jembe jeupe, anachekwa mpaka na wanawe. Tope lililokauka ndilo linasema ametoka kwake, amelima, ni mtu wa kazi. Unawavua watu heshima yao barabarani."

Watu wakaunga mkono. Nami nilikuwa nimeyaona kwa macho. Mtu alikuwa tayari kukopa jembe, lakini si jembe safi. Kule, kuosha jembe ilikuwa sawa na kukiri kwamba ulishinda umelala. Nikaeleza habari za udongo, nikaeleza habari za maji. Mzee Mchome akasema ndiva ililisha Mbono kabla mimi sijazaliwa, na hakuna aliyewahi kufa kwa tope la jirani.

Mama Ndekirwa akasimama. Alikuwa dada yake Mchome, tumbo moja.

"Kaka, kwangu kumekufa," akasema. "Wewe ulikuja ukaniletea unga, nakushukuru. Lakini mimi ndiye ninayetoka kwenye ugonjwa. Nikipanda huku na jembe langu hivi lilivyo, mwakani nitakuja kukuletea unga wewe. Mimi nitaoshwa wa kwanza. Sitaki kuwa mtu aliyeleta."

Mchome alikuwa mkaidi, lakini hakuwa mjinga, na alimpenda dada yake. Akakuna kidevu, akasema tatizo ni kwamba watu hawatafuata, wataona wanatukanwa. Ndipo nikamuuliza, "Mzee, anayechelewa msaragambo mnamfanya nini?"

"Ananyang'anywa jembe. Mpaka alikomboe kwa jogoo."

"Na kuchelewa kunaanzia wapi?"

"Pembe ikishalia."

"Na pembe inalilia wapi?"

"Kwenye ndiva, siku zote," akasema. Akanitazama, tabasamu likaanza kumtoka upande mmoja. "Ninyi Wagweno," akasema, "mna maneno."

Ikakubaliwa pembe ipigwe kijitoni, mpakani mwa Lugulu na Mbono. Kazi ianzie pale, na kazi ya kwanza iwe kuosha. Atakayeoshwa atapakwa chokaa kwenye mpini wa jembe. Asiye na chokaa amechelewa, na sheria ya wazee anaijua. Sikuongeza sheria hata moja. Niliomba tu pembe isogee.

Siku yenyewe tulikuwa tumechimba shimo la maji machafu upande wa Mbono, mbali na kijito, na kupanga ndoo, brashi na pipa la dawa. Pembe ikalia, ukungu haujapanda. Mama Ndekirwa akaja wa kwanza, akaweka jembe chini, akavua raba zake, akaanza kusugua huku akiimba. Mzee Mchome akaja akaosha la kwake, ingawa halikuwa limetoka Mbono, akapaka chokaa pana kuliko ya mtu yeyote. Baada ya hapo ikawa mashindano. Wanaume waliokuwa wamekunja uso wakaanza kukaguana soli na kucheleweshana kwa utani. "Rudi, bado una shamba zima hapo chini." Jua lilipotoka mipini meupe ilikuwa imejipanga kwenye njia ya kupanda, na mimi nikaanza kuamini.

Tulikuwa tumefika ukingoni, jembe la kwanza linakaribia kuingia udongoni, nilipoona mtu anateremka kwa njia ya msituni. Alikuwa Godlisten, mwana wa Mzee Mchome, anafanya kazi Dar es Salaam, amekuja likizo ya mwisho wa mwaka. Amevaa viatu vya kupandia mlima vya bei, na begani ana jembe lililojaa tope mpaka kwenye shingo. Hakuwa amepita kijitoni. Nikaenda kumpokea kabla hajakanyaga ukingo.

"Karibu baba. Mara ya mwisho ulikanyaga wapi?"

"Shikamoo mama. Natoka kulima kwa shangazi Mbono," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Nilianza kule alfajiri ndiyo nikaja huku."

Mama Ndekirwa akainua kichwa. "Kwangu? Godi, kwangu hakulimwi kitu. Kwangu hata magugu yameondoka."

Watu wote wakageuka. Godlisten alitazama jembe, akatazama shangazi yake, na ule ushujaa ukamtoka.

"Jembe nilikopa kwa jirani," akasema polepole. "Lilikuwa safi. Nikaona mtanicheka, mtasema mtu wa mjini. Nikapitia shambani kwa shangazi nikalichovya kwenye tope. Na njia ya msituni ilikuwa ya mkato."

Yaani katika Mbono nzima alichagua shamba lililotangulia kuoza, akalibeba tope lake mpaka hatua chache kutoka kwenye maji. Hakuna aliyecheka. Wote walimtazama Mzee Mchome, maana pembe ilikuwa imelia, chokaa hapana, na mkosaji ni mwanawe. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kazini. Mzee angelimwonea haya mwanawe pale, kila mwenye chokaa angelijiona amefanywa mjinga, na kazi yote ya asubuhi ingelikuwa bure.

Mchome akanyoosha mkono. "Lete jembe."

"Baba—"

"Umechelewa. Lete."

Akalipokea mbali na mwili wake kama mtu aliyeshika nyoka, akalifunga kwenye gunia ili tope lisidondoke, kisha akamwambia mwanawe avue viatu pale pale alipo. Nikaleta ndoo na msumari wa Mzee Kirumbi. Viatu vile vilikuwa na soli ya kina, mwanamume mzima akachuchumaa mbele ya kijiji kizima akichokonoa mfereji mmoja mmoja juu ya gunia. Akidhani amemaliza, shangazi yake anamwonyesha kona nyingine. "Na hapo, mwanangu. Na kwenye kamba." Mwishowe mtu mmoja akashindwa kujizuia, akacheka, na mlima mzima ukacheka, Godlisten akiwemo. Kisha akabeba gunia lake, tukashuka naye hadi kijitoni kwa njia ya mzunguko, kila kitu kikamalizikia kwenye shimo. Aliporudi mpini wake ulikuwa mweupe mpaka kiganjani, na hakuna aliyemzidi kubeba mawe siku ile. Jogoo alimtoa jioni. Tulimla.

Ndiva ilizibwa. Lakini mimi sikulala vizuri mpaka mvua zilipoisha. Nilizunguka Lugulu na bilauri yangu, tuta kwa tuta, nakata, naning'iniza, natazama. Maji yalibaki maangavu shamba baada ya shamba. Kwenye shamba la mwisho, lile lililo chini kabisa ya mfereji wa ndiva, nilitazama bilauri mpaka macho yakaniuma, na maji yalikuwa safi kama ya kunywa. Nililia kwa furaha peke yangu katikati ya tangawizi, na sioni haya kuwaandikia hivyo. Msimu uliofuata hali ilikuwa ile ile, na mwingine pia. Mama Ndekirwa alipewa mbegu na kaka yake, akapanda upande wa pili wa kilima. Alipovuna, malori yalikuja mpaka mlangoni kwake, naye akapandisha bati jipya lililoonekana kutoka barabarani.

Na jambo lenyewe halikuishia kwenye msaragambo. Watu wa Lugulu wakaona kama majirani wanaoshwa, hakuna sababu ya kuwaacha wanaokwenda kuona msitu wa Shengena. Sasa kila msafiri anayepita anasimama kijitoni, anakung'uta hema, anasugua soli, na fimbo yake ya kupandia inapakwa chokaa. Wageni wanaipenda ile chokaa kuliko mlima wenyewe, wanapiga picha. Na msaragambo wa siku hizi mtu mwenye tope kwenye jembe ndiye anayechekwa. Jembe jeupe ndilo limekuwa la mtu wa kazi.

Wiki iliyopita Mama Ndekirwa aliniita kwenye mavuno. Nikavaa viatu vyenu vipya, kwa majivuno, nikapanda. Ule msumari niliuacha kule zamani, nao uko mikononi mwa Mzee Mchome. Sasa ni mzee kweli kweli, anakaa kijitoni kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba Bibi Brashi. Mara ya mwisho ulikanyaga wapi?"

"Mzee, mimi ndiye niliyekufundisha. Na viatu ni vipya, vimetoka kwenye boksi."

"Sijauliza umri wa viatu."

Nikamwambia nilipita stendi ya Same, nikapita kwa rafiki yangu Bombo kuona bustani yake. Akainama, akaingiza msumari kwenye soli, akatoa donge la udongo mwekundu na kijani kidogo ndani yake, akaniwekea kiganjani nilione. Nyuma yangu foleni ya watu ilikuwa inasubiri, na hakuna aliyelalamika.

"Vua," akasema.

Nikavua.